Pigo Moja la Matoazi

Kuna kazi duniani ambayo mtu hulipwa kwa kukaa kimya: kupiga matoazi, yale masahani mawili ya shaba, kwenye okestra. Marehemu, baba wa mtunzi mmoja wa muziki, aliifanya miaka thelathini. Wenzake wa fidla wakitoka jasho, yeye alihesabu vipimo vya muziki kwa vidole kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi, kisha akasimama, chwaa! akaketi. Katika onyesho lake la mwisho alihesabu pungufu kwa kipimo kimoja. Chwaa ikaangukia katikati ya ukimya mtakatifu, na ukumbi mzima ukacheka. Hakuyashika tena matoazi. Kabla ya mwaka kwisha alizikwa na aibu yake.

Binti yake akamtungia simfonia. Ndani yake matoazi yanapigwa mara moja tu, baada ya kungoja hadi kipimo cha mia moja na kumi na mbili. Hapo ndipo okestra yote inalipuka. Alitaka kitu kimoja: safari hii baba yake asichekwe.

Siku ya mazoezi, kipimo kimoja kabla ya wakati: chwaa!

"Mzee, una haraka ya kwenda wapi?" kiongozi wa okestra akafoka.

Mpiga matoazi, rafiki wa marehemu, akainua mikono mitupu. "Mimi? Matoazi haya hapa chini, yamelala kama watoto walioshiba."

Wakarudia. Chwaa! Wakayafungia matoazi kabatini, ufunguo akautia kiongozi mfukoni kwa uso wa mtu asiyeamini upuuzi. Chwaa! Sauti ilitoka nyuma, kwenye kiti kitupu cha marehemu. Wapiga fidla wakaacha kucheka, wakasogeza viti vyao mbele. Mpiga tarumbeta akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani.

"Dada, lifute hilo pigo," kiongozi akasema. "Onyesho ni kesho."

Binti akakitazama kile kiti. Nywele zilimsimama, lakini aibu ya baba ilimuuma kuliko hofu.

"Silifuti. Kesho asipige mtu. Baba akipiga, hata kama ni mapema, lipukeni naye. Asiachwe peke yake tena."

"Yaani tumfuate marehemu?" kiongozi akauliza.

"Kwenye muziki tu," mzee akamtuliza. "Kwingine atangulie."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Binti, ameketi pembeni ya jukwaa, alihesabu kwa vidole chini ya mkoba. Mia moja na tisa. Mia moja na kumi. Pinde za fidla zikainuka. Mia moja na kumi na moja.

Kimya.

Binti akakitazama kiti. Labda baba amekasirika. Labda amechoka kuchekwa. Kisha kile kiti kitupu kikalia kwii, kama kuna mtu anayeinuka.

Mia moja na kumi na mbili: chwaa!

Okestra ikalipuka. Hakuna aliyecheka. Mzee, mikono mapajani, akakiinamia kiti kitupu.

"Safi, ndugu yangu," binti akamsikia akinong'ona muziki ulipotulia. "Sasa keti."

Kiti kikalia tena.