Ethi ya Ntim

Pikapu ilishatoka getini, imepakia viti vya plastiki mpaka juu, na haikutoa mlio wowote. Hilo ndilo lililowafanya mafundi wa Magazine, mtaa wa gereji wa Kumasi, waache nyundo zao. Wao wamezoea magari yanayokohoa na kutema moshi, na hili liliteleza tu juu ya tope kama mtu aliyevua viatu asiamshe wenyeji. Sarpomaa alikuwa kwenye usukani. Mumewe, Bediako, alitoa mkono dirishani akawa anapunga kama mgombea. Walikuwa wanapeleka viti vya kukodisha msibani, Mampong.

"Dwomoh, dada yako kaondoka na friji," mtu mmoja akasema, na watu wakacheka.

Dwomoh naye akacheka, lakini moyo haukutulia. Pikapu hiyo aliigeuza mwenyewe kuwa ya umeme. Betri zilitoka kwenye magari ya umeme yaliyopondeka ng'ambo, yakashushwa bandari ya Tema kama vyuma chakavu. Mota nayo vivyo hivyo. Kuviunganisha mpaka gari litembee, wapo wengi Kumasi wanaoweza. Kilichomnyima usingizi ni sanduku la kuzifungia zile betri. Volti mia tatu haziungurumi wala hazinuki, na anayekaa mbele ya sanduku hilo ni dada aliyemlea baada ya mama yao kufa. Basi alikata bati nene, akalichomelea pande zote, akatandika plastiki ngumu ndani ili betri zisiguse chuma, akazungushia mfuniko mpira wa kuzuia maji. Katikati ya mnyororo wa betri akaweka mpini mwekundu. Ukiuvuta, unachomoka na kuacha tundu lenye shaba ndani, na mnyororo unakatika vipande viwili.

Hata hivyo, jana yake Bediako aligoma kupanda.

"Mimi nimeendesha malori ya magogo," alisema. "Kufa siogopi. Kufa nimekaangwa kama samaki, hapo hapana."

Dwomoh akavuta mpini, akaegemeza mkono mmoja kwenye bodi ya gari, na kidole cha mkono wa pili akakitia tunduni, juu ya shaba yenyewe. "Umeona, shemeji? Imekufa."

Haikuwa imekufa. Nyuma ya shaba ile nusu ya betri zilikuwa zimejaa, za kutosha kuua. Ila umeme huo haukuwa na njia ya kurudia, kwa sababu hakuna waya hata mmoja wa betri uliogusa bodi ya gari. Dwomoh alilijua hilo. Lakini kumweleza dereva wa magogo habari zote hizo ni safari ndefu, na kidole ni kifupi. Bediako aliangalia kidole, akamwangalia mkewe, akasema, "Haya, twende."

Sasa gari likiwa limeshakata kona, Ntim akaja akijifuta mikono. Ntim alikuwa anafunga nyaya za magari tangu Dwomoh akivaa kaptura.

"Ile ethi uliyoniagiza nimefunga," alisema. "Asubuhi, kabla hawajapakia viti."

"Umefunga wapi, kaka?"

"Ethi hufungwa wapi, mhunzi wewe? Hasi ya betri, kwenye bodi. Waya mnene, boliti mbili. Nikashangaa, fundi mzima kusahau kitu kama hicho."

Dwomoh aligeuka kuangalia kona gari lilikopotelea. Ni kweli aliagiza. Alisema, "Kaka Ntim, sanduku lipe ethi," akimaanisha bati la sanduku lishikane na bati la gari, basi. Lakini pale Magazine ethi ni kitu kimoja: hasi. Kila gari lililowahi kuingia pale, la petroli au dizeli, hasi yake imekaa kwenye bodi, na bodi yote ndiyo waya wa kurudia. Mtu akikwambia ethi, huulizi ipi.

"Uliipima?"

"Nipime nini? Gari si hilo limeondoka?"

Dwomoh akapiga simu. Sarpomaa hapokei akiendesha, na Bediako huizima yake kutunza chaji. Akamshika Ntim mkono. "Washa pikipiki."

Walipita Tafo, wakapita Pankrono, manyunyu yakiwapiga usoni. Ntim aliendesha huku akibisha.

"Mhunzi, mimi nimefunga ethi maisha yangu yote. Nani amekufa?"

"Hizo ni volti kumi na mbili, kaka. Hata ukilamba hufi."

"Sasa kwa nini hukusema usiguse hasi?"

"Nilisema sanduku."

"Ulisema ethi."

Dwomoh hakuwa anawaza waya. Alikuwa anawaza kidole chake, na jinsi Bediako alivyokitazama.

Wakaiona pikapu Ntonso, imeegeshwa kando ya akina mama wanaochoma ndizi. Sarpomaa alikuwa amesimama kwenye moto wa ndizi, mvua imemlowesha mabega. Watu walikuwa wamelizunguka gari. Mfuniko wa sanduku uko wazi, Bediako kaegemea bodi kwa kiuno, mpini mwekundu ameushika mkono wa kushoto, na anahutubia.

"Shemeji," Dwomoh akaita kabla pikipiki haijasimama, "usiguse."

Bediako aligeuka, akamwona, uso ukamchangamka. "Mwenye kazi huyu hapa, amekuja mwenyewe. Jamaa hawa wanasema naogopa. Tazameni, mkiuvuta huu, imekufa."

Akatia kidole.

Hakupiga kelele. Mwili ulikakamaa, mdomo ukabaki kama wa mtu anayetaka kutaja jina. Watu wakadhani anawachekesha, na mmoja akacheka kweli. Ntim ndiye aliyemfikia kwanza. Alimkamata mkanda kwa nyuma, akatetemeshwa naye, akajitupa kinyumenyume mpaka wote wawili wakaanguka topeni.

Dwomoh akamkandamiza Bediako kifua mpaka pumzi ikarudi, kwa mkoromo mbaya. Alipoinua macho, dada yake alikuwa amesimama juu yake, ndizi bado ziko mkononi kwenye karatasi.

"Ulisema imekufa."

"Dada, waya ule..."

"Ulitia kidole, Dwomoh. Nilikuwepo."

Ntim, amekaa topeni, alisema taratibu, "Mimi nilifunga ethi tu."

Bediako hakufa. Kidole kilikatwa, na mkono wa kulia haufumbi tena. Haendeshi gari, anakaa ghalani akihesabu viti vinavyotoka. Viti vya Mampong vilipelekwa na lori la mtu mwingine, vikachelewa mazishi lakini vikawahi chakula. Sarpomaa aliitoa mota ya umeme, akarudisha injini ya petroli kwa fundi wa Tafo. Anaongea na Dwomoh mambo ya ukoo yakitokea, na salamu anaitikia. Ntim yupo pale pale Magazine, anafunga magari ya kawaida, na la umeme likija anasema ana kazi nyingi. Dwomoh ametengeneza masanduku mengine mawili, ya watu asiowafahamu. Siku hizi husema "bodi" akitaka bodi na "hasi" akitaka hasi, na wenzake humcheka kwamba anaongea kama redio.