Ni Chokaa Tu

Gari lilikwisha kuwashwa, nami nimekaa juu ya masanduku ya chupa, mdogo wangu wa kike alipokuja mbio ameshika kuku mfu kwa miguu.

"Kaka, huyu wa tatu. Hana kidonda. Na kibatari nikikiweka sakafuni kinazimika. Tuhame au tusihame?"

Nyumba yake ilikuwa bondeni, kwenye kishimo chini ya mlima. Msimamizi wa shamba alishasema: atakayehama bila amri ya kituo chetu cha kupima volkano, kazi hana, nyumba hana. Na mwenye amri ni Mkemia, mkubwa wetu, ambaye saa ile alikuwa anafunga kituo kwa kufuli.

Miezi mitatu nilimbebea chupa za kukusanyia gesi kwenye nyufa za mlima. Kaboni ikiizidi salfa, alinifundisha, huenda moto wa chini unapanda. Ikazidi mara tano. Watu wakaanza kufunga virago. Kisha maabara ikajibu: kaboni hii si ya moto.

"Gesi ni kama mchuzi," Mkemia alisema, "hubeba ladha ya chungu. Milima ya safu hii yote ina moto wa namna moja, ila gamba la dunia lililo chini yake si moja. Mlima jirani kakalia mwamba mweusi, hauongezi kitu. Huyu wetu kakalia chokaa, na chokaa ikiungua hutema kaboni. Mlima unatudanganya tu."

Sasa alimtazama yule kuku. "Mama, huo ni ugonjwa wa kideri. Mlima haulipuki."

"Sikuuliza mlima, baba. Nimeuliza taa."

Dereva akacheka. "Mtie sufuriani umpime kwa chumvi!"

Nami, mbeba chupa niliyeishia darasa la nne, nikaona zamu yangu ya kusema kisomi imefika. "Ni chokaa tu, mdogo wangu. Rudi ukalale."

Wale hakuwaamini. Aliniamini mimi.

Tuliisoma hewa ile kama barua, tukasahau kwamba hewa huvutwa. Kaboni ya chokaa ni nzito. Hujaa bondeni kama maji, haina rangi wala harufu, na haijali kama imetoka kwenye moto au kwenye mwamba.

Mlima haujalipuka hadi leo. Mkemia alipandishwa cheo, maana hakukosea. Dereva alistaafu, ana duka la matairi. Msimamizi aliweka vibarua wengine katika nyumba ileile, safari hii akawapa vitanda. Mdogo wangu, shemeji na wapwa zangu watatu walikutwa siku ya nne asubuhi tangu tuondoke, kila mtu kwenye mkeka wake. Hawakuwa na kidonda. Mimi nahamahama. Popote ninapofikia naomba kitanda cha miguu mirefu, na watu hudhani naogopa panya.