Usukani wa Sokoni

Mzee alipoiona mota ya umeme imefungwa chini ya dashibodi ya gari lake la mbio, hakufoka. Waliomjua walijua kwamba upole wake ni mbaya kuliko kufoka kwake. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Gari langu limekuwa kilema lini hata likapewa mkongojo?"

"Tangu jana," binti yake akajibu kutoka uvunguni mwa gari, miguu tu ikionekana. "Nimefunga mimi."

Gereji nzima ilimwita Bisibisi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na aliingia pasipoingilika. Mdogo wake aliitwa Nyundo, na sababu haihitaji maelezo. Majina yote mawili aliyatoa Mzee, mwenye gereji, mwenye gari na, kwa maoni yake, mwenye neno la mwisho.

Msimu uliopita, akiliendesha gari hilo mashindanoni, Bisibisi alipanda ukingo wa kona, usukani ukajizungusha ghafla ukamvunja kifundo cha mkono. Mfupa uliunga, lakini nguvu hazikurudi zote. Mzee naye, bila kumuuliza mtu, akafunga tairi pana mbele ili gari lishike njia. Lilishika kweli, ila usukani ukawa mzito mpaka Bisibisi akimaliza mazoezi hawezi kufungua hata chupa ya maji. Hapo Mzee akatangaza mbele ya mafundi wote kwamba mashindano ya Jumapili ataendesha Nyundo.

Bisibisi alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kujifungia chooni kulia. Alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akang'oa mota ya umeme iliyokuwa ikisaidia usukani wa kigari kidogo cha kuendea sokoni. Akakata shafti ya usukani, akaiunga na mota, akavuta nyaya kutoka kwenye betri. Kwenye kigari kile mota ilipunguza msaada yenyewe kadiri mwendo ulivyoongezeka. Kwenye gari la mbio haikujua mwendo wowote, ingesaidia kupita kiasi. Kwa hiyo akaweka kitufe cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio, dereva ajichagulie asaidiwe kiasi gani.

"Itoe," Mzee akasema.

"Sitoi."

"Usukani wa sokoni, kwenye gari langu? Watu watatucheka mpaka wakae chini. Gari la mbio unabishana nalo, binti. Mimi nimebishana nalo maisha yangu yote."

"Kutwa nzima nabishana na nyinyi wawili, Baba. Na gari nataka tuelewane."

Fundi wa rangi akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kubishana ndiyo iliyokuwa dini ya gereji ile. Dereva aliyeshuka mikono ikimtetemeka alisifiwa kwamba kabishana, na hakuna aliyejali kama kashinda. Mzee alibishana mpaka mabega yakamgomea, akaacha kuendesha, akawaambia watu kwamba amechoshwa na makombe.

"Kesho tulipeleke uwanja wa mbio," Bisibisi akasema, sasa amesimama, uso umejaa grisi. "Nyundo aendeshe, halafu wewe. Ukishuka ukaniambia halifai, nang'oa mota kwa mkono wangu na kiti achukue Nyundo. Sitasema neno."

"Hilo la kutosema neno ndilo nilitakalo," Mzee akajibu.

Kesho yake Nyundo alianza. Kwenye kona ya kwanza aliuvuta usukani kama alivyozoea, kwa mabega yote mawili. Gari likageuka, likaendelea kugeuka, likaishia kwenye nyasi likitazama lilikotoka.

"Umeona?" Mzee akauliza.

"Nimeona mtu kapiga teke mlango ambao haukufungwa."

Nyundo alirudi na majani kwenye bampa. "Dada, hiki kitu hakina ubishi kabisa," akasema, na hata yeye hakujua kama anasifu au analaumu.

Mzee akavaa helmeti. Mkanda aliufunga kwa mkono mmoja, maana wa pili haukupanda. Bisibisi akainama dirishani akapunguza kitufe.

"Anza na kidogo. Ukitaka, ongeza."

"Mimi sihitaji msaada."

"Basi usikiguse, hakiumi."

Alisema hivyo kwa ujeuri, lakini hofu alikuwa nayo. Baba yake aliweza kukiona kitu kizuri na kukiita kibaya, kwa ukaidi mtupu, na Jumapili yake ingekwisha hapo hapo.

Mzunguko wa kwanza Mzee alikwenda polepole, kama mtu anayeonja chakula cha jirani waliyegombana naye. Wa pili akaongeza mwendo. Kisha akaipita ile kona ndefu ya kulia, iliyoyashinda mabega yake na kumstaafisha, bila kupunguza mafuta. Nyundo akanyoosha ubao wa kumwita arudi. Akapita. Akanyoosha tena, Mzee akapita kana kwamba hawajuani.

"Mafuta yataisha," Nyundo akasema.

"Acha yaishe."

Yakaisha. Gari likazima upande wa pili wa uwanja, nao wakalifuata kwa miguu wakikatiza nyasi. Walimkuta Mzee bado kitini, helmeti mapajani, mikono juu ya usukani imetulia tuli. Macho yalikuwa mekundu, wala hakujisumbua kusingizia vumbi.

"Haing'olewi," akasema.

Bisibisi akashusha pumzi.

"Na Jumapili," Mzee akaendelea, akitazama mbele, "naendesha mimi."

Nyundo akacheka. Bisibisi hakucheka, maana alimjua baba yake, na huo haukuwa utani. Alimwonea huruma, huruma ya kweli. Miaka yote ile ya kukaa pembeni, na kumbe kamota ka kigari cha sokoni kangemtosha. Lakini kiti kilikuwa chake.

"Baba, shuka."

"Mbio moja tu, mama."

"Tafuta gari lingine, nitakufungia mota kama hii, tena nzuri zaidi. Hili ninalo mimi Jumapili. Shuka."

Mzee akamtazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wapinzani wake kabla ya bendera kushushwa. Bisibisi hakukwepesha macho. Mwishowe Mzee akafungua mkanda, akajikokota kutoka, akinung'unika kwamba kichwa kigumu hiki hajui mtoto kakitoa wapi.

Bisibisi akaingia, akafunga mkanda, akashika usukani. Gari halikuwa na hata tone la mafuta.

"Haya," akawaambia kupitia dirishani, "sukumeni."

Nyundo akaenda nyuma. Mzee akasimama kidogo, mikono kiunoni. Kisha naye akazunguka nyuma, akageuza mgongo, akaukandamiza kwenye buti na kusukuma.