Wageni Walioshuka Cobar

Jalada lilikuwa limeshachapishwa. Ndiyo kawaida ya jarida letu hapa Sydney: picha kwanza, hadithi baadaye. Safari hii ilikuwa picha ya pweza wa kijani amemkaba msichana aliyevaa nguo ya kuogelea.

Pweza nilimvumilia. Wageni wangu kutoka sayari nyingine niliwapa mikono minane, nikamaliza. Wanashuka Cobar, mji wa migodi nilikozaliwa, kwa sababu udongo wake mwekundu unawakumbusha kwao. Na watu wa Cobar, ukame umewakaba, wanawagawia maji. Niliiandika kwa miezi minne. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu wa Cobar akiuona mji wake ndani ya hadithi ya anga, atajua kesho ni yake pia.

"Cobar!" Bwana Tebbutt, mhariri wetu, alitamka kama aliyetafuna mchanga. "Binti yangu, nani atashuka Cobar? Hata treni inakwenda huko imenuna. Weka New York."

"Kwa nini, mzee?"

"Majarida ya Marekani hayaingii nchini tangu vita vianze. Wasomaji wana kiu nayo, nasi ndio wa kuwapoza."

"Nimekupa New York mara mbili na Chicago mara moja. Mimi hata Perth sijafika!"

Nikachomoa toleo la Chicago rafuni, nikamsomea kwa sauti. Ni Krismasi. Shujaa anavua shati kwa joto, anafukuza nzi kwenye keki, kisha anakwenda kuogelea ziwani.

"Chicago, Desemba! Kule wanazama kwenye theluji! Niliandika Krismasi ya kwetu, nawe ukaipitisha!"

Bi. Corrigan, mpiga chapa, aliacha taipureta akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mimi niliona," alisema. "Nikadhani huko mbele dunia itapinduka."

Nilijua nimemshinda Tebbutt. Kumbe nimemfurahisha.

"Unaona? Hakuna aliyelalamika! Basi ichukue Cobar yako na vumbi lake lote, uiite New York. Shida iko wapi?"

Nilitaka kupiga yowe. Mtu huyu ukimwonyesha shimo anakushukuru kwa kumpatia pa kukaa.

"Shida ni jina," nilisema, nikazikusanya kurasa zangu mezani. "Mitambo ya kuchapa inaanza saa kumi. Uza jalada tupu."

"Enid, usinifanyie hivyo." Alitazama saa, kisha kabati lake, ambalo sote watatu tulijua halina hadithi nyingine. Akashusha pumzi. "Haya, Cobar ibaki. Lakini mwandishi awe Mmarekani. Tumbuni jina: Rex Calloway. Kitu kimoja lazima kiwe cha kwao."

"Usikubali, mwanangu," alisema Bi. Corrigan.

Mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani wote walitafute jina langu dukani. Nilishika penseli nyekundu. Kisha nikalifuta "Enid Dredge" kwa mstari mmoja, nikaandika la Calloway juu yake. Iliniuma kuliko nilivyotazamia. Cobar sikuigusa.

Bi. Corrigan alizipokea kurasa, akaanza kugonga taipureta kama anayemzaba mtu makofi.

"Safi sana," alisema Tebbutt, uso umemchangamka. "Huyu Calloway ataniletea nyingine mwezi ujao?"

"Muulize mwenyewe," nilimjibu, nikatafuta kofia yangu.