Gari la Dirishani

"Tuta, baba."

"Nimeliona."

"Najua. Nakariri tu," alisema Fundi, macho yakiwa hayatoki barabarani. "Penye tuta dereva apunguze mwendo mapema. Kivuko mbele. Kwenye kivuko, mwenda kwa miguu ndiye mwenye haki. Kuna mama na mtoto, baba. Wameshaingia."

Gari dogo la kubebea wanafunzi likasimama, likayumba, likatulia. Yule mama akapita amemshika mtoto mkono na wala hakugeuka, maana hakujua kama palikuwa na jambo la kugeukia. Fundi alijua. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado ya baridi.

Hivyo ndivyo baba na binti walivyokuwa wakisafiri kwa miezi minne sasa. Binti anataja, baba anatii, na wote wawili wanajifanya kwamba ni masomo. Baba alikuwa ameendesha gari la shule miaka ishirini na miwili bila kuvunja hata taa. Watoto walimwita Babu Honi, kwa sababu kila mlango aliupigia honi mbili: ya kwanza ya kumwamsha mzazi, ya pili ya kumwambia ameshachelewa. Lakini nuru ya macho yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, kama rangi inavyotoka kwenye kitambaa kinachofuliwa kila siku. Hospitali hataki. "Nitakwenda kesho," husema, na kesho yake haifiki.

Kumshauri aache ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mwishowe akatoa ahadi moja. "Usukani huu simwachii mtu wa kuokota. Siku utakayofaulu mtihani wa maswali, nitajua mrithi nimempata. Hapo Kipara ashike njia mpaka upate leseni kamili, nami nikae kivulini." Kipara alikuwa dereva mwenzake wa tangu ujana, mtu mwenye nywele nyingi kama ufagio, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianzaje.

Basi Fundi akafanya mtihani, akashindwa. Akarudia, akashindwa tena. Leo ilikuwa mara ya tatu, na kwa kanuni za ofisi ile anayeshindwa mara tatu husubiri miezi mitatu ndipo ajaribu tena. Miezi mitatu. Watoto kumi na mmoja. Asubuhi na mchana. Hesabu hiyo ilikuwa inamzunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa chumbani.

Baba aliingiza gari uani mwa ofisi ya leseni, kati ya mistari miwili ambayo hakuiona, na likakaa sawasawa. Akatabasamu. Hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi: mikono ya baba bado ilijua kila kitu.

"Ukikwama kwenye njia panda, kumbuka meza yetu."

"Nakumbuka."

"Gari la dirishani?"

"Ndilo linalopita kwanza."

"Haya, nenda mama. Niache nisinzie."

Hakusinzia. Fundi alipogeuka mlangoni alimwona anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa, na kioo kilikuwa safi tangu jana.

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza ishirini, saa ya ukutani iliyokwenda kwa kelele, na msimamizi mwenye miwani juu ya paji la uso.

"Fundi, ni wewe tena?" alisema. "Mara ya nne nitakuandikia kiti kabisa."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka kwa adabu, akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa mtu wa kushona chumbani kwake, mtu ambaye mteja akimpa kitambaa kibaya humshukuru.

"Dada," kijana wa meza ya jirani alinong'ona, "nikikohoa mara mbili, ujue naulizia namba saba."

"Ukikohoa nitakupa dawa mimi mwenyewe," msimamizi akadakia. "Simu zote mbele. Kila shingo ikae juu ya mabega ya mwenyewe. Anzeni."

Maswali thelathini. Kufaulu ni ishirini na sita. Fundi alianza mbio. Duara jekundu lenye mstari, hairuhusiwi kuingia. Mvua ikinyesha, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele. Abiria wa nyuma naye afunge mkanda. Mkono ulikwenda, na goti chini ya meza lilikwenda pia, juu chini, juu chini, kama linakanyaga cherehani. Namba nane, namba tisa. Saa ya ukutani ikasema saa tatu na robo. Saa nane baba angekuwa mbele ya geti la shule.

Namba kumi na mbili ilikuwa njia panda.

Ilikuwa picha ya barabara mbili zilizokatana, bila taa wala alama. Gari A linashuka kutoka juu ya karatasi. Gari B linatoka upande wa kushoto wa karatasi. Nani ampishe mwenzake?

Fundi akafumba macho, akaiita meza. Ilikuwa meza yake ya kukatia nguo. Kila jioni baba alikuja na kiti chake, akaketi ng'ambo ya pili, na Fundi akachora barabara kwa chaki ya ushonaji. Magari yalikuwa bobini za uzi, nyekundu, kijani na njano. Baba alizisukuma kwa kidole, akiiga mlio wa gia hata wakacheka. Na kila mara sheria ilikuwa moja: bobini ya upande wa dirisha ipite kwanza, ya upande wa mlango isubiri.

Sawa. Dirisha.

Akafumbua macho atafute dirisha. Kule nyumbani dirisha lilikuwa kuliani kwake. Hapa lilikuwa kushoto. Kwa dirisha la nyumbani, gari B lilikuwa la mlangoni, basi lisubiri. Kwa dirisha la hapa, gari B ndilo la dirishani, basi lipite. Swali moja, majibu mawili! Kumbe miezi yote minne alikuwa amejifunza chumba badala ya barabara. Kumbe ndiyo sababu njia panda zilimlia alama mara mbili. Tangu lini sheria za barabarani zikafuata madirisha ya watu?

Lakini kwa nini baba, dereva wa miaka yote hiyo, afundishe hivyo?

Akakumbuka jioni moja alipomuuliza, "Sasa hapa apite mwekundu au wa kijani?" Baba akajibu kwa ukali kidogo, "Wa dirishani, bwana, usinizungushe." Jioni nyingine vilevile. Katika jioni zote zile baba hakuwahi kutaja rangi hata mara moja. Fundi alidhani anamrahisishia. Sasa, kalamu ikiwa hewani, alielewa kwamba baba alikuwa hajui ipi nyekundu na ipi ya kijani. Alikuwa anaiona ile iliyopata mwanga nyuma yake tu. Na bobini zile hazikuwa mbali, ng'ambo ya barabara. Zilikuwa mezani, mbele ya pua yake.

Taa za barabarani nazo ni nyekundu na kijani.

Akasimama kabla hajajua kwamba anasimama. Kiti kikalia.

"Kulikoni?" msimamizi akauliza.

"Nilitaka kutoka kidogo."

"Anayetoka amemaliza. Umemaliza?"

Fundi akatazama mlango. Nje kulikuwa na baba na gari lililozimwa. Likiwa limezimwa halimgongi mtu. Akaketi.

Goti likaanza tena. Akalibana kwa mkono. Bila dirisha, kulia ni wapi? Kulia kwa nani? Na hapo, kama mtu aliyegongwa kichwani na kitu alichokuwa amekivaa, akamsikia shangazi yake, aliyemfundisha kushona. Wiki ya kwanza kabisa Fundi alibandika mikono ya shati kinyume, kwa sababu alikuwa analitazama shati kwa mbele. Shangazi akamfumulisha yote. "We mtoto, mkono wa kulia ni wa mvaaji. Kwani wewe unayemtazama ndiye utakayelivaa?"

Fundi akainama juu ya karatasi. Akaligeuza lile gari A kuwa mtu aliyevaa shati, anayekuja akimtazama. Mkono wake wa kulia uko wapi? Upande wa kushoto wa karatasi. Kwenye gari B. Na sheria ya kitabu ilisema wazi: penye njia panda isiyo na alama, mpishe aliye kulia kwako. Basi A ampishe B.

Kumi na tatu nayo ilikuwa njia panda. Kumi na nne, magari matatu. Akayavisha mashati yote matatu, akayapitisha moja moja kama wateja siku ya kujaribu nguo. Alikuwa karibu kucheka. Kisha akafika namba kumi na tisa, na kicheko kikamkauka.

*Dereva mwenye leseni halali anagundua kwamba hawezi tena kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita ishirini. Afanye nini?*

Jibu la kwanza: aendeshe polepole. La pili: aendeshe barabara anazozizoea tu. La tatu: aendeshe akiwa na mtu wa kumsomea alama. La nne: asiendeshe hata kidogo mpaka apimwe macho.

Fundi akaliangalia jibu la tatu kwa muda mrefu, akaona haya, kama aliyejikuta mwenyewe kwenye picha. Akaweka alama kwenye la nne.

Karani aliweka juu ya karatasi yake kadibodi yenye matundu, akahesabu alama zilizochungulia kwenye matundu, akahesabu tena. "Ishirini na nane. Umefaulu." Akagonga mhuri. Msimamizi akapita nyuma yake akasema, "Basi kile kiti nakipa mwingine," na safari hii Fundi akacheka kweli.

Baba alikuwa amesimama kando ya gari. Alimtambua Fundi kwa mwendo wake tu.

"Enhe?"

"Ishirini na nane, baba."

Akapiga makofi mara moja, kwa nguvu, akamkumbatia kichwa binti yake kama alivyokuwa akifanya zamani. "Nilikwambia! Gari la dirishani!" Kisha akamwachia. "Sasa ahadi ni deni. Kesho usukani kwa Kipara. Leo nakurudisha nyumbani, halafu mchana naenda kuwachukua wajukuu zangu mara ya mwisho, niwaage. Siku moja tu, mama. Nitakwenda polepole. Njia yenyewe naijua usingizini."

Jibu la kwanza na la pili, Fundi akawaza. Kukubali kulikuwa kwepesi mno, na mtu wa kumwambia baba hapana alikuwa hajazaliwa katika nyumba ile.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "lile gari jeupe pale getini. Namba yake ngapi?"

Baba akacheka. "Unanitahini?"

"Swali moja tu."

Baba akageuza uso kuelekea getini. Akakaza macho. Akasogea hatua, akasogea ya pili. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Jeupe, umesema?"

"Ndiyo, baba."

Mtu mmoja akapita na pikipiki, mlio ukaenda ukafifia, na baba bado amekabili geti.

"Mwanangu, mimi nilidhani pale pana ukuta."

Fundi akanyoosha mkono, kiganja juu. Baba akatoa funguo mfukoni, akazipapasa, akaziweka pale.

Fundi alimpigia Kipara simu, naye akafika kwa pikipiki ya kukodi baada ya nusu saa, nywele zimesimama kwa upepo. Alitazama sura zao mbili, akameza utani aliokuwa amekuja nao, akaketi nyuma ya usukani. Fundi akakaa mbele. Baba akaingia nyuma, kwenye kiti cha watoto, magoti yakagusa kidevu.

"Hivi viti ni vidogo namna hii?" alilalamika. "Na hawajawahi kusema!"

"Funga mkanda, kaka," alisema Kipara. "Saa nane utawaaga ukiwa hapohapo ulipo. Honi nitapiga mimi."

"Mbili. Usipige tatu, watadhani kuna msiba."

Gari likatoka getini. Fundi alikuwa ameamua kunyamaza, maana Kipara ana macho yake, lakini goti likaanza tena na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tuta mbele, baba mdogo."

"Nimeliona," akasema Kipara.

"Hata mimi," ikajibu sauti ya nyuma. Gari likapanda tuta, likashuka. "Angalau nimelisikia."