Fundi Shomari Alivyougawa Uwanja wa Mizigo

Watu wa mtaa wa Chemchem hawakunyang'anywa uwanja wao kwa bunduki. Afadhali ingekuwa bunduki. Walinyang'anywa wakicheka, na kicheko chao ndicho kilichohesabiwa kuwa idhini.

Uwanja wenyewe tuliuita Uwanja wa Mizigo. Hapo ndipo misafara ya pwani ilipotua zamani, na wapagazi wakapata kunyoosha shingo. Misafara ilipokwisha, ardhi ile iliyokanyagwa na babu zetu mpaka nyasi zikakata tamaa ikawa ya watoto: mpira wa matambara, kombolela, ngoma zao za jioni. Hakuna aliyewapa. Waliikuta, wakaicheza.

Mwaka wa hamsini na mbili akaja Mzungu wa mipango. Tulimwita Bwana Kamba, maana popote alipokwenda alitanguliwa na vibarua wakivuta kamba ya kupimia. Alikuja na ramani ya Tabora itakavyokuwa siku wajukuu wetu watakapoota mvi. Kila palipopakwa kijani, alisema, ni pa kupumzikia na kuchezea. Watu wakausifu ukijani ule, wasiulize upi ni wa nani. Uwanja wa Mizigo ulikuwa kijani: bustani ya maua, ukuta na lango, kwa maofisa na wageni wao. Na yale machimbo nyuma ya mtaa, ambako makontrakta walichota udongo wa matofali wakayaacha mashimo wazi, nayo yalikuwa kijani: kiwanja cha watoto wa Waafrika.

Bwana Kamba aliyaona machimbo wakati wa kiangazi, makavu, mbuzi wanalala ndani. Hakuyaona masika, yakijaa maji mpaka ukingoni. Masika yaliyopita yalikuwa yamemmeza Raymundi, mtoto pekee wa Eustadia, muuza karanga. Mtoto alifuata mpira. Mama yake bado tulimwita Mama Raymundi. Hatukuwa na moyo wa kumwita jina jingine.

Basi likaitishwa baraza. Hilari, karani, akatafsiri: kama uwanja huu una mwenyewe, aseme, kama yupo anayepinga, asimame. Ilikuwa imepangwa kwamba Mzee Marko, katekista, ndiye atakayesema. Lakini Mzee Marko alikuwa mtu wa kulipasha neno moto kwanza, na kabla halijapata moto akasimama Shomari, fundi wa vibatari.

Shomari alikuwa Mzaramo aliyekuja na reli akazeekea kwetu. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya mkweo, atachukua jembe lako mlangoni, na ukikasirika mjinga ni wewe.

"Bwana, hawa Wanyamwezi hawana uwanja," akasema Shomari. "Hawa ni punda wa babu zangu. Hapo walitua mizigo ya watu wapate kukohoa tu. Uwanja ni wangu mimi, na leo nakupa. Wachukue na wenyewe, ila wanakula sana."

Baraza zima likaangua kicheko. Na Mzee Marko, maskini, badala ya kusema lile neno lake, akafanya ambalo Mnyamwezi yeyote angelifanya: akajibu utani kwa utani.

"Ni wake kweli," akasema huku akijifuta machozi. "Alitoka nao pwani ameubeba kichwani. Hamkioni hicho kipara?"

Hilari akatafsiri yote, neno kwa neno, uso mkavu. Bwana Kamba akauliza tena kama yupo anayepinga. Nani asimame ampinge mtani kwa maneno ya kweli, mbele za watu, aonekane hana malezi? Hakusimama mtu. Nyuma kabisa, walikokaa wanawake, Mama Raymundi peke yake hakuwa amecheka, lakini wanawake hawakuwa wameulizwa.

Vigingi vikaanza kupigwa uwanjani kabla ya juma kwisha.

Mama Raymundi alimfuata Shomari kibandani kwake, akamkuta anakata debe. Hakumtukana. Alimwambia, "Wewe mtani umeugawa uwanja. Kaurudishe." Shomari akataka kucheka, akamtazama, akaliweka debe chini.

Akaenda ofisini na Mzee Marko. Wakaeleza utani ni nini, tangu misafara, mpaka jasho likawatoka. Bwana Kamba akasikiliza kwa adabu, ile adabu yao inayokufungia mlango. Kisha akauliza: alichosema Shomari barazani kilikuwa kweli au uongo? Maana kusema uongo mbele ya Serikali ni kosa. Shomari akasema ni uongo, wamfunge hata leo, uwanja ubaki. Akajibiwa kwamba kumfunga yeye hakubadilishi ramani. Na isitoshe mzee huyu mwenzake alishuhudia. Mzee Marko alirudi nyumbani hana sauti. Jumapili ile sala iliongozwa na mtu mwingine.

Wingu likaanza kusimama upande wa Goweko, jeusi, halisogei wala haliondoki. Vibarua wakahimizwa wachimbe msingi wa ukuta haraka kabla ya mvua. Asubuhi moja wakakuta mtu amelala ndani ya mtaro, chali, macho wazi, mikono kifuani.

Wanyamwezi wote pale walijua maana yake. Msibani kwetu, kaburi likishachimbwa, mtani huingia akalala ndani, na maiti haizikwi mpaka wafiwa wamlipe anachotaka. Watu hucheka katikati ya kilio, hulipa, naye mtani hutoka. Lakini asubuhi ile Shomari hakuwa anatania, na hakucheka mtu. Tobias, mnyapara wao, akachomeka koleo ardhini, na wengine wakachomeka yao.

Bwana Kamba akaitwa. Hilari akamweleza desturi, na safari hii uso wake haukuwa mkavu. Mzungu akaelewa upesi, akacheka. Ndiyo, akacheka. Pale tulipotania alisikia ushahidi. Sasa alipoletewa ushahidi akaona mchezo. Akamwambia Hilari aulize: haya, aliyekufa ni nani?

Hilari akainama ukingoni mwa mtaro, akauliza.

"Bado," Shomari akasema. "Mwambie bado."

Hilari akasimama wima, hakutafsiri. Bwana Kamba akasubiri, akatazama saa, akawaita askari. Wakamwinua kwa makwapa, naye akajilegeza kama maiti, visigino vikichora mistari miwili kwenye udongo mpaka barabarani. Tobias akafukuzwa kazi. Wakaletwa vibarua kutoka Bukene ambao hawakuwa wameona lolote, na ukuta ukapanda.

Mvua ilinyesha usiku na mchana. Ilipokatika, watoto wa Chemchem walitoka na mpira wao wa matambara, wakaukuta ukuta, wakaufuata mpaka mwisho, kisha wakateremka kwenye kiwanja chao cha kijani.

Mama Raymundi alikuwa amewatangulia. Alisimama ukingoni mwa machimbo na mchi wa kutwangia mkononi, maji ya kahawia yametulia nyuma yake, na kila aliyekaribia alimfukuza. Akarudi kesho yake, na kesho yake. Karanga zilimwozea. Mwanzoni watoto walimwogopa, wakakimbia. Baadaye wakagundua kwamba machimbo yana pande nyingi, na yeye ni mmoja.