Kiti cha Pili Chekundu

Tarehe 12 Machi 1946, siku ya Jumanne, Ng'ambo iliamkia manyunyu. Bernadeta alikuwa barazani akichekecha unga Hilari, askari mwenzake mumewe, alipofika, kasha la risasi kichwani. Alikuwa amerudi kutoka vitani Burma, na kama babu zake wapagazi, hakumruhusu mtu mwingine aubebe mzigo ule safari nzima ya treni tangu Dar es Salaam.

"Nitue, shemeji. Ni wa Alois."

Ndani ya kasha mlikuwa na chumba cha Kichina, urefu wake kama mkono hadi kiwiko: kitanda cha kuchongwa chenye paa, taa za karatasi, pazia lenye korongo, viti viwili vyekundu. Mbele kilizibwa kwa kimia cha mbao. Kwenye kiti cha kushoto aliketi Alois, mumewe, mkubwa kama punje ya karanga. Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Za siku nyingi, Mama Tekla?" Alois akamsalimu mkewe.

"Njema. Umekonda."

Hilari alieleza kwamba mabomu yalipoanguka, Alois aliingia humo kujificha. Seremala Shomari aliitwa. Aliupapasa mlango wa chumba, akasema haukuwa mlango, ni ukuta uliochongwa.

"Basi aliingiaje?"

"Alikuwa na haraka," Hilari akajibu.

Shomari alipogonga kimia kwa patasi, Alois alitoka damu sikioni. Wakaacha. Bernadeta akamnywesha uji kwa ncha ya unyoya wa kuku.

Wiki iliyotangulia, barua ya serikali ilikuwa imesema Alois amekufa. Damas, mdogo wake, alikuwa amekwisha kupanga matanga Jumamosi. Yakiisha, angemrithi Bernadeta kwa desturi ya ukoo. Padri, ambaye angeweza kukataza, alikuwa safarini Usinge.

Jumatano Bernadeta alijitwika kasha hadi bomani. Karani Raymundi aliinama.

"Shikamoo, kaka Alois."

"Marahaba."

Raymundi akafungua daftari. "Aliye hai huweka dole gumba hapa."

Wakapitisha karatasi kwenye kimia. Alois akachovya dole kwenye wino, akabonyeza kwa nguvu zake zote. Raymundi alitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Hii ni nukta, dada. Nukta si dole. Marehemu atabaki marehemu. Pole." Kisha akainamia kasha. "Pole na wewe, kaka."

Bernadeta alisali rozari mpaka vidole vikaota sugu. Alimwomba Mungu amkuze Alois, na kama hilo ni kubwa mno, basi ampunguze yeye, kiti kipo. Kila asubuhi alijipima kwenye mwimo wa mlango. Hakupungua hata unywele.

Jumamosi watu walijaa. Wanawake walinyolewa. Kasha liliwekwa kwenye mkeka wa mbele, kwa kuwa Alois naye alikuwa mfiwa, naye akavua kofia kwa heshima. Mzee Limbu, mkubwa wa ukoo, akauliza kama yupo anayepinga urithi.

"Napinga mimi," Alois akasema.

Limbu akatikisa kichwa taratibu. "Tumekusikia, mwanangu. Lakini maiti hana kauli kwenye matanga yake."

Bernadeta aliangalia kile kiti kitupu. Damas akasimama, akainua mkono wa kuume, akasema kwa sauti ili wote washuhudie:

"Mbele ya wazee, naahidi. Kasha nitaliweka chumbani kwangu, mbali na moshi na panya. Kila asubuhi Bernadeta atakunywesha uji, kaka. Hutalala njaa."